Machinga Anajulikana Siku ya Kulipa, Siku ya Janga Hajulikani

 

Leo nina hoja moja na nitajitahidi nisiizungushe. Ugonjwa mkubwa ukiingia nchini kwetu tunahesabu wagonjwa, tunahesabu vifo, tunahesabu vitanda, na wakati mwingine hata hizo hesabu tunazificha. Sijawahi kusikia kiongozi amesimama na kutuambia kuna mama lishe wangapi waliozima majiko, vinyozi wangapi waliofunga, au wauza mitumba wangapi waliokula mtaji mpaka ukaisha. Ugonjwa ukipungua tunaambiwa "maisha yameendelea", tena kwa majigambo. Maisha ya nani yameendelea? Ya aliyekuwa na akiba. Yule wa mtaji wa shilingi laki moja na nusu alibaki palepale aliposimama, na wengi wao hawajanyanyuka mpaka leo.

Najua wapo watakaonijibu haraka kwamba Tanzania mwaka 2020 hatukufunga nchi, kwa hiyo hakuna biashara iliyouawa na serikali. Jibu hili nimelisikia sana, hata kwa watu ninaowaheshimu. Ndugu zangu, biashara ndogo haihitaji amri ya kufunga ili ife. Inatosha mteja asije. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 16, 2020. Shule zikafungwa, vyuo vikafuata Machi 18, na vyuo havikufunguliwa mpaka Juni 1. Hizo ni siku 75. Hebu mfikirie mwanamke anayepika wali maharage nje ya geti la chuo. Hakuna aliyemwambia afunge, ila wanafunzi wote wamerudi kwao. Atamuuzia nani? Ninaye ndugu wa ukoo ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na ndivyo ilivyomkuta. Wiki ya kwanza alikula faida, wiki ya pili akaanza kula mtaji, mwezi wa pili akauza sufuria kubwa mbili. Chuo kilipofunguliwa wateja walirudi, yeye hana cha kupikia wala cha kununulia gunia la mchele. Ndipo wale wa mikopo ya kausha damu wakamkaribisha kwa mikono miwili.

Nendeni Arusha, Moshi au Zanzibar muulize. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Mwaka 2020 wakashuka mpaka kama 620,000. Hoteli kubwa ilipunguza wafanyakazi na kuzungumza na benki yake. Muuza vinyago, mpagazi wa mlimani, mama wa kufua nguo za wageni na kijana wa kukata miwa na kukaanga pweza pale Forodhani walizungumza na nani?

Sasa nije kwenye kiini. Tunapenda kusema serikali zetu ni maskini, ndiyo maana mnyonge hakusaidiwa. Umaskini upo, sikatai. Lakini hata zingekuwepo fedha zingepelekwa kwa nani? Nani ana orodha ya wauza mihogo wa Tandika? Hapa ndipo penye utani mchungu, maana orodha hiyo tulipata nafasi ya kuitengeneza tukaichezea.

Mnakumbuka Desemba 2018? Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kila anayechukua alilipa shilingi 20,000. Nia ilikuwa na wema ndani yake, maana kitambulisho kile kilimpunguzia machinga adha ya kukimbizwa na mgambo na kutozwa kila kona. Wakuu wa wilaya wakahimizana kuvigawa, na watendaji wa mitaa wakapita kibanda kwa kibanda. Kumbe basi serikali inaweza kumfikia muuza karanga mpaka alipokaa! Isipokuwa vitambulisho vile vya mwanzo havikuwa hata na jina wala picha ya mwenye nacho. Fedha ilipokelewa, mtu hakuandikwa. Miezi kumi na mitano baadaye korona ikaingia, na wale wote waliolipa elfu ishirini zao wakawa hawajulikani tena. Hatukuwa na namba zao za simu, hatukujua nani anauza nini wala yuko wapi.

Ndiyo maana nasema machinga wetu anajulikana siku ya kulipa tu.

Mtaniambia nyie mlioko Ulaya mnalinganisha mlima na kichuguu. Sawa, tulinganishe kwa uangalifu. Uingereza ilifunga shughuli Machi 23, 2020. Ndani ya wiki chache halmashauri zikaanza kuwapelekea wenye maduka madogo ruzuku ya pauni 10,000, isiyorudishwa. Waliojiajiri wakalipwa asilimia 80 ya wastani wa faida yao. Mei 4 ikaanza mikopo midogo ya kuanzia pauni 2,000 hadi 50,000, mwaka wa kwanza bila riba ya kulipa, serikali ikiwa mdhamini wa asilimia mia. Wenye nyumba wakazuiwa kuwafukuza wapangaji wa biashara walioshindwa kodi, na zuio hilo likaendelea mpaka Machi 2022.

Utajiri una sehemu yake hapo, lakini kasi ile haikuletwa na utajiri peke yake. Halmashauri ilikuwa na orodha ya kila duka kwa sababu ya kodi ya majengo ya biashara. Mamlaka ya kodi ilikuwa na hesabu za kila aliyejiajiri na namba ya akaunti yake. Orodha ileile iliyotumika kuchukua ndiyo iliyotumika kurudisha.

Na tusidanganyane kwamba huku kila mtu alipona. Tunawajua dada zetu wanaosuka nywele majumbani, wanaopika maandazi, sambusa na pilau za shughuli kwa oda za simu. Hawakuwa kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo walipata sifuri. Aliyejiajiri baada ya Aprili 2019, ambaye hesabu zake za mwaka uliotangulia hazikuwepo, naye mwanzoni alikosa. Mtu mweusi, mzungu au Mhindi, kigezo kilikuwa kimoja, umeandikwa au hukuandikwa. Kwa hiyo hata katika nchi tajiri kabisa asiyekuwepo kwenye daftari alikula alichokuwa nacho ndani.

Marekani nako kuna somo lake. Bunge lao lilitenga dola bilioni 349 za kuwasaidia wenye biashara ndogo walipe mishahara. Zilianza kutolewa Aprili 3, 2020 na kufikia Aprili 16 zilikuwa zimekwisha. Zilikwenda wapi? Zilipitia benki, na benki nyingi zikaanza na wateja wanaojuana nao. Kampuni za migahawa zenye matawi katika majimbo mengi zikapata mamilioni, nyingine zikaja kuzirudisha kwa aibu baada ya kelele, huku kinyozi wa mtaani akiwa bado anahangaika kujaza fomu. Mwaka uliofuata ndipo wakatenga wiki mbili za kupokea maombi ya wenye wafanyakazi chini ya 20 peke yao. Somo ni kwamba ukipitisha msaada benki, anayeupata kwanza ni mwenye benki yake. Mama lishe hana meneja wa kumpigia simu.

Tukirudi Afrika Mashariki, majirani zetu nao walijaribu kwa namna zao. Kenya ilifuta ada ya kutuma fedha kwa simu kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 za kwao, kuanzia Machi mpaka mwisho wa 2020, na ikashusha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Lakini Kenya hiyohiyo ilikuwa na kafyu ya jioni iliyomuua muuza chakula cha usiku, na iliondolewa Oktoba 2021 tu. Uganda iliwaruhusu wauza vyakula masokoni waendelee kwa sharti la kulala sokoni, na kina mama wakalala juu ya makatoni kando ya nyanya zao ili Kampala ipate kula. Sijui kama kuna aliyewahi kuwalipa fadhila hiyo.

Sisi je? Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ililegeza masharti kwa mabenki na ikapandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi 5. Ni hatua nzuri, lakini muuza vitumbua anayehamisha milioni 5 kwa siku mimi simjui. Septemba 2021 tukapata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa dola milioni 567, ile 1.3 trilioni tuliyoisikia sana. Yakajengwa madarasa 15,000, fedha zikaenda kwenye hospitali na maji. Siyapingi madarasa hata kidogo, na watoto wa machinga wamo humo wanasoma. Zanzibar nao katika mgao wao waliwakumbuka wajasiriamali, wakulima wa mwani na wavuvi wakapewa boti. Lakini kwa Bara, ukimtafuta aliyezima jiko mwaka 2020 katika hesabu ile, mstari wake ni mwembamba mno.

Na mwaka huohuo wa 2021, nchi nyingine zikifikiria namna ya kuwarudisha wafanyabiashara wadogo kazini, sisi tulifanya mawili. Julai tukaleta tozo ya miamala ya simu, kelele zikapigwa mpaka ikapunguzwa Septemba. Oktoba tukaanza kuwaondoa machinga barabarani. Nakubali kabisa watembea kwa miguu wana haki ya njia yao, na miji haiwezi kuwa vurugu milele. Lakini unamhamisha mtu kwenda eneo lisilo na wateja wakati hata deni la korona hajamaliza? Hiyo ni sawa na kumtoa mgonjwa wodini ukamkabidhi jembe.

Msidhani nazungumzia mambo yaliyopita. Kabla ya korona kulikuwa na kipindupindu cha 2015, kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti kikasambaa mikoani na visiwani. Wauza vyakula na juisi za barabarani wakapigwa marufuku. Oktoba 2022 wenzetu wa Mubende na Kassanda, Uganda, walifungiwa wilaya zao kwa karibu miezi miwili kwa sababu ya Ebola. Kagera imepata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Janga lingine litakuja, swali ni litatukuta tumejiandaa vipi.

Sasa sipendi kuwa mtu wa kulalamika tu. Nina mapendekezo.

Kwanza, amri ya kufunga itoke pamoja na masharti ya kufungua. Kipindupindu kinaletwa na maji na chakula kilichochafuliwa, si na umaskini wa mpishi. Badala ya kumwaga ubwabwa wake na kubeba meza, bwana afya ampe karatasi yenye masharti yanayoeleweka: ndoo ya maji tiririka, sabuni, dawa ya kutibu maji, chakula kifunikwe na kiliwe cha moto, choo kiwepo karibu. Akitimiza, akaguliwe ndani ya siku tatu na afunguliwe. Halmashauri ilete maji eneo lile kabla ya kuleta mgambo. Hapo umezuia ugonjwa na umeokoa biashara kwa kazi ileile moja. Mama lishe akifukuzwa bila tarehe ya kurudi hataacha kupika, ataenda kupika uchochoroni ambako bwana afya hamwoni.

Pili, daftari. Miaka ya karibuni serikali imeanza kutoa vitambulisho vya kidijitali kwa wafanyabiashara ndogondogo, na safari hii mtu anaandikwa kweli. Ni jambo jema, ila watu watajiandikisha kwa moyo endapo watajua daftari linafanya kazi pande mbili. Sheria iseme wazi kwamba likitangazwa janga, aliyemo humo ana haki ya kupata msaada wa kufungulia biashara kupitia namba yake ya simu, bila kwenda benki na bila barua ya mtu.

Tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba, na ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ikarejeshwa 2024. Kila halmashauri itenge kipande cha fungu hili kikae kwa ajili ya majanga. Na wakati wa janga sharti la kikundi lilegezwe, maana aliyebaki peke yake na jiko lake hawezi kuanza kutafuta wenzake wanne waandike katiba na kufungua akaunti. Mpe shilingi laki mbili leo, itamsaidia kuliko milioni mbili baada ya mwaka.

Nne, siku zilizofungwa zisilipiwe. Ushuru wa soko usimame, na leseni iongezewe muda uleule uliopotea. Kuna suala la fremu pia. Mpangaji wa Dar es Salaam analipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Janga la miezi mitatu linateketeza kodi aliyokwisha kulipa, na hakuna anayemrudishia. Mwenye nyumba naye ana maisha yake, lakini wagawane hasara nusu kwa nusu, na serikali ya mtaa iwe msuluhishi.

Watasema fedha zitaliwa. Zitaliwa kiasi, nakubali. Hapa Uingereza mikopo ile ya haraka ilifika karibu pauni bilioni 47, na mabilioni yakaishia kwa wadanganyifu waliosajili kampuni za uongo. Lakini tazameni walioiba ni akina nani. Ni waliochukua pauni 50,000. Msaada wa laki mbili kwa mtu, majina yakibandikwa ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, majirani watamkagua bure kuliko mkaguzi yeyote. Mtaani kila mtu anajua nani anauza nini.

Wengine watasema hawa hawalipi kodi. Huyu anayenunua mafuta ya kupikia, sabuni, vocha na nauli hajalipa kodi? Aliyetoa elfu ishirini kwa kitambulisho kisicho na jina lake hajalipa?

Sasa sisi wa ughaibuni. Mwaka 2020 wengi wetu tulituma fedha kuliko kawaida, wengine huku wenyewe hawana kazi. Nani asiyekumbuka simu zile? Lakini karibu zote zilikwenda kwenye chakula na dawa, na ilibidi iwe hivyo. Janga lilipopungua tukapumua na kupunguza kutuma, kumbe ndipo ndugu yetu alipohitaji fedha ya kufungulia. Tujifunze kugawa mafungu mawili. La kwanza la kula, la pili la kusubiri, litakalotoka siku mteja akirudi. Upatu tunaocheza huku, vyama vyetu vya misiba na vya mikoa, vinaweza kuweka kifungu hicho bila kusubiri mheshimiwa yeyote. Mtu akiombwa shilingi laki mbili na ndugu yake, ni pauni chache zaidi ya zile tunazomaliza kwenye sherehe moja ya Jumamosi. Na mkitoa, mpeni kama mtaji: mwambieni ni wa gunia la mchele na sufuria, na mumuulize mwezi ukiisha jiko linawaka au haliwaki.

Ila tusijidanganye kwamba mifuko yetu itaziba pengo la nchi. Mwenye ndugu Uingereza atafunguliwa genge lake. Asiye na ndugu nje je? Huyo ndiye aliyetakiwa kuwa kwenye daftari la serikali, na ndiye ninayemtetea hapa.

Kwa hiyo nawaomba mlioko nyumbani, mkimwona diwani au mbunge wenu, msimuulize tu barabara itaisha lini. Muulizeni: kipindupindu kikiingia kata yetu kesho, kina mama wa pale sokoni mtawafunga kwa siku ngapi, watafunguliwa kwa masharti gani, na namba zao za simu mnazo? Akishindwa kujibu la tatu, basi na yale mawili ya mwanzo hana majibu yake.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti ailete, tuichambue bila jazba.

Mungu ibariki Afrika.